Chotara au Tofauti za Kawaida? Mwongozo Kamili wa Kuzitambua Krokasi za Vuli

Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Desemba, kwenye vilima vya Ugiriki, Uturuki, Italia na Hispania, na katika bustani za Uingereza na Uholanzi, krokasi za vuli huchomoza ardhini, nyingi zikiwa hazina hata jani moja. Ni maua mafupi, ya zambarau, ya samawati au meupe, na hayadumu. Kila msimu hakosekani mtu anayeona ua moja lisilofanana na wenzake, akalipiga picha na kutangaza kwamba amepata chotara.

Mara nyingi hajapata. Krokasi hubadilikabadilika mno ndani ya spishi moja, na macho yetu hukimbilia rangi, ambayo ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na pupa hiyo: chotara liwe jibu la mwisho, baada ya majibu mengine yote kukataa. Ukifuata hatua hizi, utatupilia mbali machotara mengi ya kufikirika, na yale machache yatakayobaki utaweza kuyatetea mbele ya mtu yeyote.

Tuanze na zafarani

Ipo krokasi moja ya vuli ambayo msomaji wa Kiswahili anaijua hata kama hajawahi kuliona ua lake. Zile nyuzi nyekundu unazoziloweka kwa ajili ya biriani ni stigma za Crocus sativus, tatu kwa kila ua. Mmea huu haupatikani porini. Una kromosomu 24, yaani seti tatu za nane nane, na kwa kuwa seti tatu hazigawanyiki sawasawa, hauzai mbegu zake wenyewe. Wakulima huuzidisha kwa matunguu, kizazi baada ya kizazi.

Mmea tasa wenye seti tatu humfanya mtaalamu yeyote afikirie ndoa ya spishi mbili. Mzazi mmoja alikubalika mapema: Crocus cartwrightianus wa Ugiriki, anayefanana na zafarani kwa karibu kila kitu isipokuwa ukubwa. Wa pili akatafutwa kwa miaka mingi. Walitajwa C. thomasii (C. ni kifupi cha Crocus) wa Italia, C. hadriaticus wa Ugiriki na C. pallasii, anayeenea kutoka nchi za Balkani hadi Mashariki ya Kati. Mwaka 2019, tafiti za vinasaba zilizofanywa Ujerumani, mojawapo kutoka IPK, taasisi ya utafiti wa mimea iliyoko Gatersleben, zilionyesha kwamba hakuna mzazi wa pili wa spishi nyingine. Seti zote tatu zinatoka kwa C. cartwrightianus, na mimea ya porini iliyo karibu zaidi nayo ni ile ya Attica, mkoa uliozunguka Athens.

Yaani krokasi iliyoshukiwa kuliko zote kuwa chotara ni spishi moja iliyojirudufu. Ukienda kwenye mlima mmoja wa Attica mwezi Oktoba au Novemba utaona sababu ya watu kuchanganyikiwa: C. cartwrightianus mmoja mweupe pe, jirani yake urujuani, wa tatu ana mishipa myeusi tangu shingoni hadi ncha ya petali, na stigma zinatofautiana urefu. Wote ni ndugu.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza ni krokasi

Hatua hii ni fupi lakini inahusu uhai. Kuna mmea uitwao Colchicum unaotoa maua ya zambarau msimu uleule, pia bila majani, na watu wengi wa Ulaya huuita krokasi ya vuli kimakosa. Una sumu ya kolkisini katika kila sehemu, na watu wamewahi kufa baada ya kuula wakidhani ni mmea mwingine. Dalili huanza saa kadhaa baadaye kwa kutapika na kuharisha, kisha viungo vya ndani hushindwa kufanya kazi.

Hesabu stameni, vile vijiti vyenye vifuko vya chavua. Krokasi ina 3. Colchicum ina 6, na badala ya staili (kijiti cha katikati kinachobeba stigma) moja inayogawanyika juu, ina staili tatu zilizotengana kuanzia chini. Sternbergia nayo, ya njano, ina stameni 6. Kama hesabu yako si 3, acha hapo hapo. Na usionje wala usivune nyuzi za ua lolote la porini kwa matumizi ya jikoni, hata kama umeshahesabu mara kumi.

Hatua ya 2: Vifaa, saa na picha

Huhitaji maabara. Chukua rula yenye milimita, lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, kibano chembamba, daftari, penseli (wino huyeyuka kwenye umande) na simu yenye kamera nzuri. Ukiwa na hadubini nyumbani, itakufaa baadaye.

Nenda kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku yenye jua. Krokasi nyingi hujifunga kukiwa na baridi au mawingu, na ua lililofungwa huficha karibu kila kitu unachokihitaji. C. tournefortii wa Ugiriki ana tabia tofauti: hubaki wazi hata usiku na siku za mawingu. Ukikuta kundi la krokasi, mengine yamejifunga na mengine yamekodoa macho jioni, tayari una dokezo zuri kuliko rangi yoyote.

Kwa kila mmea piga picha hizi: ua zima kutoka pembeni, ua kutoka juu likiwa wazi, mgongo wa petali za nje, koo la ua kwa karibu, stameni na staili kwa karibu, na majani kama yapo. Weka rula ndani ya angalau picha moja. Picha moja nzuri ya kutoka juu, ambayo ndiyo watu wengi huleta wakiomba msaada, haitoshi kutambua karibu krokasi yoyote ya vuli.

Hatua ya 3: Soma viungo kwa uzito wake

Hapa ndipo penye kazi. Viungo vya krokasi havina uzito sawa. Anza na vile visivyobadilika kirahisi, rangi ya petali iache mwisho kabisa.

Ganda la tunguu ni shahidi namba moja. Tunguu la krokasi limevikwa maganda makavu, na namna yanavyochanika ni alama ya ukoo. C. speciosus na C. pulchellus huwa na ganda linalokatika kwa mviringo upande wa chini na kuacha pete. C. laevigatus na C. goulimyi wana ganda gumu lenye uso laini kama ganda la yai. C. cancellatus ana wavu mnene wa nyuzi nene, ilhali C. niveus, C. hadriaticus, C. cartwrightianus na zafarani yenyewe wana wavu wa nyuzi nyembamba. C. kotschyanus ana ganda jembamba, na tunguu lake mara nyingi hulala ubavu. C. nudiflorus wa kusini magharibi mwa Ufaransa na kaskazini mwa Hispania hutoa vitambazi chini ya ardhi, kwa hiyo huunda zulia badala ya vishada.

Porini usichimbe. Mara nyingi mvua na mbuzi huacha maganda makuukuu juu ya udongo, au unaweza kufukua kidogo kwa kidole upande mmoja wa tunguu, ukatazama na kufukia. Bustanini kwako, subiri Juni au Julai wakati matunguu yamelala, ndipo uyatoe kwa nafasi.

Kuna alama nyingine ya chini ya ardhi ambayo watu wengi huiruka: ala ndogo nyeupe inayoanzia chini kabisa ya kikonyo cha ua, pale kinapotoka kwenye tunguu. Krokasi karibu zote zimegawanywa katika sehemu mbili kubwa kufuatana na kuwepo au kutokuwepo kwa ala hiyo. Zafarani na jamaa zake, C. niveus, C. goulimyi, C. nudiflorus na C. kotschyanus wanayo. C. speciosus, C. pulchellus, C. boryi, C. laevigatus, C. tournefortii na C. cancellatus hawana. Ili kuiona ni lazima upasue maganda yanayozunguka shina la ua, kwa hiyo fanya hivyo kwa mmea wako mwenyewe tu. Mtu akidai chotara kati ya spishi za pande hizi mbili, mwombe ushahidi mzito.

Kisha tazama staili. Je, imegawanyika matawi matatu tu, au imechanika nyuzi nyingi mithili ya brashi? Zafarani na jamaa zake wana matatu, mekundu au ya rangi ya chungwa iliyoiva. C. niveus na C. goulimyi pia wana matatu, na ya C. niveus hupanuka na wakati mwingine kuwa na marinda kwenye ncha. C. speciosus, C. pulchellus, C. nudiflorus, C. boryi, C. laevigatus na C. tournefortii wana matawi mengi. Pima pia stigma inafika wapi ikilinganishwa na ncha za stameni: chini, sawa, au juu.

Vifuko vya chavua ni rahisi kuliko vyote: vyeupe au vya njano? C. pulchellus, C. boryi, C. tournefortii na C. laevigatus wana vyeupe, C. kotschyanus vyeupe vya maziwa. C. speciosus, C. nudiflorus, C. niveus, C. goulimyi, C. cartwrightianus na C. hadriaticus wana vya njano. Tazama ua ambalo ndiyo kwanza linafunguka, kabla vifuko havijapasuka. Nyuki akishapita na chavua za jirani utaona unga wa njano kwenye kifuko cheupe na kuanza kuota ndoto za chotara.

Koo la ua, lile shimo la katikati, ndilo linaloleta ubishi mwingi. Kwa C. pulchellus, C. niveus, C. boryi, C. tournefortii na C. laevigatus ni la njano. Kwa C. goulimyi ni jeupe, na kwa C. speciosus wa kawaida ni jeupe pia. C. kotschyanus hana koo la njano bali madoa mawili ya njano kwenye kitako cha kila petali, na ukitazama kutoka juu yanaonekana kama pete iliyokatikakatika. Usiridhike na kutazama tu. Vuta petali moja taratibu kwa kibano, ilaze kwenye karatasi nyeupe, uone njano inaanzia wapi na inakoma wapi, na kama kuna vinyweleo. Macho yakitazama ndani ya ua la zambarau, weupe wa kawaida unaweza kuonekana wa njano kwa sababu tu chavua zimeangukia humo.

Majani yaandike pia: hayapo, yameanza kutokeza, au yamekomaa. C. speciosus, C. pulchellus, C. nudiflorus na C. kotschyanus huchanua bila majani. Wengi wa wale wa kusini mwa Ugiriki huchanua nayo. Lakini mvua ikichelewa, ratiba hii huvurugika kidogo, kwa hiyo usiipe uzito wa kuhukumu.

Rangi na mistari ya petali, andika kwa uaminifu, kisha ziweke kando.

Hatua ya 4: Pima kundi, usipime ua

Ua moja la ajabu halina maana mpaka ujue wenzake wakoje. Tandaza kamba ya mita 15 kupita katikati ya kundi, na kila nusu mita chunguza mmea ulio karibu zaidi na kamba. Usiuruke kwa kuwa ni wa kawaida, wala usiuchague kwa kuwa ni mzuri. Utapata mimea 30 hivi. Kwa kila mmoja andika mambo matano au sita: staili, rangi ya vifuko, koo, urefu wa petali, majani, mistari ya nje.

Angalizo moja kabla ya kuhesabu. Tunguu la krokasi hufa kila mwaka na kuacha jipya juu yake, mara nyingi pamoja na madogo pembeni. Kishada cha maua 12 yaliyobanana kinaweza kuwa mmea mmoja uliojizidisha. C. goulimyi hujizidisha hivyo kwa kasi. Hesabu kishada kizima kama mmoja, la sivyo mmea mmoja mweupe utakudanganya kwamba nusu ya kundi ni jeupe.

Sasa yatazame majibu yako yote kwa pamoja. Ikiwa yanapanda hatua kwa hatua, kutoka weupe hadi zambarau iliyokolea, na katikati kumejaa, una spishi moja inayobadilika. Ikiwa yanajigawa makundi mawili yaliyo wazi kwa viungo vile vizito, na kuna mimea michache iliyosimama katikati kwa viungo kadhaa kwa wakati mmoja, hapo ndipo neno chotara linapata ruhusa ya kuingia.

Nasisitiza viungo kadhaa. Chotara halichukui kiungo kimoja tu kutoka kwa mama na kubaki baba kwa mengine yote. Huonyesha mchanganyiko kwenye staili, kwenye vifuko, kwenye koo na kwenye ganda. C. speciosus mwenye kila kitu cha C. speciosus isipokuwa petali nyeupe ni C. speciosus mweupe, na tayari ana jina la bustanini, 'Albus'.

Hatua ya 5: Ondoa wadanganyifu

Umri wa ua ni wa kwanza. Petali huendelea kurefuka baada ya ua kufunguka, na rangi hupauka. Ua la siku ya kwanza na la siku ya nne, kwenye tunguu lilelile, wanaweza kupimwa na mtu asiyejua akawaita spishi mbili. Pima maua ya umri mmoja, ya siku ya kwanza au ya pili.

Virusi ni wa pili, na wao ni wajanja. Mmea wenye virusi hupata michirizi na mabaka yasiyo na mpangilio, rangi imekatika ghafla, petali zimejikunja, majani yana mistari ya njano hafifu. Wapo wanaoitunza mimea hiyo wakidhani wamepata kitu adimu, wakati inaambukiza bustani nzima. Mistari ya asili ya krokasi hufuata mishipa ya petali na hufanana katika petali zote tatu za nje. Michirizi ya virusi haifuati chochote. Ing'oe, usiitupe kwenye mboji.

Wa tatu ni lebo za biashara, na hapa watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mifano miwili inajulikana vizuri. Matunguu yaliyouzwa kwa jina la C. cartwrightianus 'Albus' mara nyingi ni C. hadriaticus. Mtazame kooni: C. cartwrightianus ana koo jeupe au la urujuani, halina njano, ilhali C. hadriaticus kwa kawaida ana njano. Mfano wa pili ni C. karduchorum, jina ambalo kwa muda mrefu limebandikwa kwenye aina ya C. kotschyanus yenye koo jeupe. Mtu aliyenunua kwa jina hilo, akalinganisha na maelezo ya C. karduchorum halisi na kuona hayalingani, anaweza kudhani ana chotara. Ana lebo ya uongo tu.

Wa nne ni vitabu vyenyewe. Brian Mathew, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alipochapisha kazi yake kubwa juu ya jenasi hii mwaka 1982 alitambua spishi zipatazo 80. Tangu hapo, hasa baada ya uchunguzi wa vinasaba kuingia, nyingi zimegawanywa, na orodha za sasa zimepita 200. Kile ambacho zamani kilikuwa C. speciosus mmoja mwenye sura nyingi, leo wengine wanakigawa spishi kadhaa. Kabla ya kusema mmea wako uko katikati ya spishi mbili, angalia kama hakuna aliyekwisha kuupa jina lake lenyewe. Binafsi naona baadhi ya migawanyo hiyo imekatwa vipande vyembamba mno, lakini kuijua ni lazima.

Hatua ya 6: Tafuta wazazi

Wazazi wote wawili wawepo, au wawe umbali ambao nyuki anaweza kuruka, na wachanue kwa wakati mmoja. Hapa nitakaa kwenye visa viwili.

Cha kwanza ni C. speciosus na C. pulchellus. Huyu wa kwanza ni wa kaskazini mwa Uturuki, Crimea, Kaukasi na kaskazini mwa Iran. Wa pili ni wa kusini mwa Balkani na kaskazini magharibi mwa Uturuki. Ni jamaa wa karibu: ganda la pete, hakuna ala ya chini, staili ya matawi mengi, hakuna majani wakati wa kuchanua. Wakipandwa bega kwa bega bustanini huzaana, na miche hujiotea yenyewe. Basi hiki ndicho kisa cha kujifunzia.

C. speciosus safi ana vifuko vya njano, vikonyo vya stameni vyeupe, koo jeupe, na petali pana zenye wavu wa mishipa iliyokolea. C. pulchellus safi ana vifuko vyeupe, vikonyo vya njano vyenye vinyweleo, koo la njano iliyokolea, na petali za samawati hafifu zenye mistari myembamba. Chotara la kuaminika litakuonyesha vifuko vya rangi ya maziwa yaliyochujuka njano, njano ya koo iliyofifia na kukoma mapema, vikonyo vyenye vinyweleo vichache, yote hayo katika ua moja. Njano ya koo peke yake haitoshi, kwa kuwa aina ya bustanini iitwayo 'Cassiope', ambayo huuzwa kama C. speciosus, huelezwa kuwa na kitako cha njano hafifu. Na ua jeupe lenye koo la njano na vifuko vyeupe huenda ni C. pulchellus 'Zephyr', si kitu kipya.

Kisa cha pili kiko porini, rasi ya Mani, kusini mwa Peloponnese, Ugiriki. Mwezi Oktoba na Novemba, kwenye mashamba ya mizeituni na kando ya kuta za mawe karibu na Areopoli, C. goulimyi wa urujuani na C. niveus mweupe huchanua karibu karibu. Hawakosekani pia C. boryi na C. laevigatus. Mtembezi anaona krokasi ya urujuani hafifu yenye koo la njano, na mara moja anadhani weupe umeoana na urujuani.

Lakini C. niveus mwenyewe huweza kuwa na urujuani hafifu. Na C. goulimyi huweza kuwa mweupe: upo weupe wa asili kusini mashariki mwa Peloponnese, na aina ya bustanini iitwayo 'Mani White'. Fukua kidogo. Ganda ni wavu? Ni C. niveus, haidhuru rangi yake. Ni gumu lenye uso laini, na koo ni jeupe? Ni C. goulimyi. Vifuko ni vyeupe? Toka kabisa kwa hawa wawili uende kwa C. boryi au C. laevigatus. C. laevigatus asiye na mistari ya nje hufanana sana na C. boryi ukimtazama kutoka juu, lakini ganda lake gumu humsaliti, na mara nyingi ana harufu tamu ambayo hukukuta kabla hujainama.

Hatua ya 7: Fanya hesabu ya kromosomu

Huhitaji kuzihesabu mwenyewe. Idadi za spishi nyingi zimechapishwa. Kila mzazi hutoa nusu ya kromosomu zake, kwa hiyo chotara la kawaida hupata jumla ya nusu mbili. C. goulimyi ana 12, C. niveus ana 28: chotara lao lingekuwa na 6 na 14, jumla 20, na mgawanyo wake wa seli ungekuwa vurugu. Ndiyo sababu kisa cha Mani hakinishawishi hata picha ikiwa nzuri namna gani. C. boryi na C. tournefortii wote wana 30, C. laevigatus 26. C. cartwrightianus, C. hadriaticus na C. oreocreticus wote wana 16, kwa hiyo kati yao wazo la chotara si la kuchekwa. C. pulchellus ana 12, na C. speciosus hutofautiana kutoka sehemu hadi sehemu, kuanzia 6 hadi zaidi ya 12.

Hata hivyo idadi tofauti si ukuta wa zege. Krokasi za machipuko zina ushahidi: zile kubwa za njano za bustani za Ulaya zilichunguzwa miaka ya 1990 na kuonekana ni machotara ya C. flavus mwenye 8 na C. angustifolius mwenye 12. Aina ya 'Stellaris' ina 10, yaani 4 na 6. Aina ya 'Golden Yellow' ina 14, yaani 8 na 6, kwa sababu C. flavus alitoa seti zote mbili badala ya moja. Idadi ya kromosomu ikikutana namna hiyo na hesabu uliyoitabiri, una ushahidi ambao picha haiwezi kuutoa.

Hatua ya 8: Chavua, kibumba, mbegu

Kama una hadubini, gusa kifuko kilichopasuka kwenye kioo, dondoshea tone la rangi ya asetokamini, funika na usubiri dakika chache. Chembe hai hujaa rangi nyekundu na kuwa mviringo. Zilizokufa hubaki tupu, zimenywea au zimepinda. Hesabu chembe 200 za mshukiwa, na 200 za kila anayedhaniwa kuwa mzazi, siku hiyohiyo. Kwa mazoezi tumia chavua ya zafarani, maana nyingi ni mbovu na utajifunza haraka ubovu unaonekanaje. Baridi kali nayo huharibu chavua, ndiyo maana nasema siku hiyohiyo.

Ovari ya krokasi iko chini ya ardhi. Baada ya ua kunyauka utadhani hakuna kilichotokea, kumbe mbegu zinakomaa huko chini, na mwezi Aprili au Mei kikonyo hurefuka na kukisukuma kibumba, yaani kifuko cha mbegu, juu ya udongo. Kwa hiyo weka kijiti chenye namba kando ya kila mmea ulioupima vuli, la sivyo machipuko hutajua kibumba ni cha nani. Kibumba kitupu mwaka baada ya mwaka, huku majirani wakijaza, kinaunga mkono chotara. Kibumba kilichojaa hakilikanushi, kwa sababu machotara ya jamaa wa karibu huweza kuzaa vizuri.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kulitengeneza chotara mwenyewe. Chagua ua la C. speciosus linalotaka kufunguka kesho, lifungue kwa upole, ng'oa stameni zote tatu kwa kibano, ufunike kwa kikombe cha plastiki chenye matundu. Kesho au kesho kutwa paka chavua ya C. pulchellus kwenye stigma, ufunike tena, uweke lebo: mama kwanza, kisha alama ya ×, kisha baba, na tarehe. Panda mbegu mbichi mara tu kibumba kinapopasuka. Zitaota vuli au majira ya baridi yanayofuata, kila moja na jani moja jembamba kama unywele, na maua ya kwanza yatakuja mwaka wa tatu au wa nne. Watakapochanua, waweke kando ya yule mshukiwa wako na uwapime kwa daftari lilelile.

Hatua ya 9: Namna ya kuandika jina

Ukiwa na dhana tu, andika C. speciosus × C. pulchellus na alama ya kuuliza mwishoni. Ukiwa unaona mmea unakaribia spishi fulani lakini hauingii sawasawa, andika aff. kabla ya jina la spishi, kama Crocus aff. speciosus. Usimpe jina la kupendeza la bustanini mpaka umemzidisha kwa matunguu na kuona anabaki vilevile kwa misimu kadhaa. Kwenye lebo ya chungu andika pia tunguu au mbegu ilitoka wapi na mwaka gani, na kama ilinunuliwa, jina ambalo muuzaji aliandika, hata kama unajua si sahihi.

Ukiwatumia wengine picha, tuma seti nzima ya hatua ya 2 pamoja na vipimo vya kundi, na utaje wilaya bila kutoa mahali hasa, kwa sababu wapo wanaosafiri na jembe. Uchunguzi wa vinasaba ndio utakaokata shauri la mwisho: kausha haraka kipande cha jani cha sentimita mbili ndani ya mfuko wenye chembe za jeli ya silika, kimoja cha mshukiwa na kimoja cha kila mzazi, andika namba zilezile za daftarini, na uvihifadhi mahali pakavu mpaka upate maabara au mtafiti wa kuvipokea.